Bwana Aliyefuta Visivyotambulika

Wapendwa, leo naanzia sebuleni kwa mtu. Msiniulize ni kwa nani. Si wa usharika huu, na hata angekuwa wa usharika huu nisingemtaja, maana mnavyotazamana hapo naona tayari mmeshamchagua mmoja. Mwacheni. Tulieni mnisikilize.

Huyo bwana alikuwa anapenda filamu. Sisemi kupenda kwako wewe, unayetazama tamthilia huku unasubiri ugali uive. Huyu alinunua kompyuta nzima ambayo kazi yake ilikuwa moja tu, kuhifadhi filamu. Akaiweka chini ya meza ya sebuleni, akaiunganisha na televisheni. Ukiwasha tu, filamu zote zinajipanga mbele yako kama vitabu dukani, kila moja na jalada lake la rangi, jina lake, mwaka wake, na waigizaji wake. Zilikuwa mia sita na kitu. Mgeni akifika kwake alionyeshwa majalada kwanza, chai baadaye. Wengine waliondoka bila chai.

Sasa mtaniuliza, mashine inayatoa wapi majalada hayo? Ni rahisi. Inasoma jina la filamu kama ulivyoliandika, halafu inauliza mtandao, "Hii unaijua?" Mtandao ukisema naijua, picha inashuka. Ukisema siijui, mashine inaweka kisanduku cha kijivu chenye alama ya kuuliza na neno "Haijulikani". Haibishani na mtu.

Shida ni kwamba filamu zetu mnazijua. Unakwenda kibandani, kijana anakujazia flashi, na kila filamu kaipa jina la kichwani mwake. "Mkorea Mwenye Hasira Sehemu ya Pili Imetafsiriwa Usiibe." Na namba ya simu mwishoni! Mtandao utaijulia wapi? Basi mashine ikawa inabahatisha. Filamu ya vita ikapewa jalada la mafunzo ya kuoka keki. Filamu ya mapenzi ikapewa picha ya ng'ombe wa maziwa na maelezo ya chanjo. Mnacheka, lakini bwana yule alikuwa hacheki. Alikuwa akitoka kazini anakaa hapo, anafuta jina la kibandani, anaandika jina halisi, anatafuta mwaka, anatafuta jalada, anahifadhi. Moja baada ya nyingine, miezi minne. Unajua hizo filamu aliwahi kuzitazama ngapi katika miezi hiyo minne? Hata moja. Hana nafasi, anazipangilia.

Siku moja mkewe alipita na beseni la nguo, akasimama.

"Baba Tumsifu, huyu mwenye shoka ni nani?"

"Wapi?"

"Hapo. Imeandikwa 'Sendofu', halafu kuna mzungu ana shoka na damu. Hiyo ni sendofu yangu mimi, au kuna nyingine nisiyoijua?"

Jamani! Mashine ilikuwa imeichukua video ya sendofu ya yule mama, siku alipoagwa kwao na shangazi zake wote kwa vigelegele, ikaipa jalada la filamu ya kutisha. Na maelezo chini yake yanasema, "Familia moja inakusanyika. Si wote watakaotoka salama." Bwana akaona aibu, akaliondoa lile jalada, akampiga picha mkewe pale pale na kanga yake, akaiweka. Mkewe akafurahi kidogo. Tuseme ukweli, hapo alifanya vizuri.

Lakini ndani ya sendofu ile kulikuwa na jambo, na hili naomba mlishike. Baba wa yule mama, siku ile ya sendofu, alisimama akampa binti yake maneno ya kumuaga. Alisema kwa dakika saba. Mpiga video, mnawajua wapiga video wetu, alipokwenda kutengeneza video kamili akamfunika mzee kwa muziki. Mdomo wa mzee unacheza, mkono unapanda na kushuka, sauti ni ya kinanda. Binti aliona uchungu, akamfuata mpiga video mpaka kwake, akamsumbua mpaka akapewa kile kipande chenyewe kama kilivyotoka kwenye kamera, na sauti ya baba yake ikiwa nzima. Akakitia kwenye kompyuta ya mumewe. Hakukipa jina. Kilikuwa na namba tu iliyoandikwa na kamera, sifuri sifuri sifuri arobaini na saba.

Yule mzee akafariki.

Ulipotimia mwaka, familia ikapanga ibada ya kumbukumbu, na ikapangwa ifanyike kwa huyu bwana, maana ana sebule kubwa. Mama mkwe akapanda basi kutoka kijijini, saa kumi na moja za barabarani, na miguu yake inavimba. Kabla hajasafiri alimpigia binti yake simu. "Mwanangu, sura ya baba yako ninayo. Ila sauti imeanza kunitoroka. Nikilala naitafuta siipati. Ile video ipo?"

"Ipo, mama."

Mke akamwendea mumewe. "Baba Tumsifu, mama anakuja kwa ajili ya ile video ya baba. Imo humo?"

"Kama uliitia, imo. Mimi sijatoa kitu."

Na wakati ule kweli alikuwa hajatoa kitu. Lakini asubuhi ya ibada, wanawake wako jikoni, vitunguu vinakaangwa, viti vya kukodi vinashushwa nje, bwana akawasha televisheni aangalie kama ukuta wake wa majalada umekaa vizuri, maana jumuiya nzima inakuja, na mzee wa kanisa atakaa kiti cha mbele kabisa. Akaona visanduku vya kijivu. Vilikuwa vimebaki ishirini na vitatu, vile vilivyomshinda. Vimekaa katikati ya rangi kama meno yaliyong'oka. Roho ikamuuma. Akasema, wageni wataniona mtu wa ovyo.

Angeweza kufungua kimoja kimoja aone ndani kuna nini. Dakika moja kila kimoja, hata nusu saa isingekwisha. Hakufungua. Alivichagua vyote kwa pamoja, akabonyeza "Futa".

Mashine ikamuuliza, "Una uhakika?"

Akabonyeza ndiyo.

Mashine ikamuuliza tena, "Vikifutwa havitarudi. Uendelee?"

Mashine, wapendwa, chuma na waya, ilimwonea huruma mara mbili! Naye akabonyeza ndiyo, akaenda kuvaa suti.

Ibada ikafanyika, watu wakala, pilau lilikuwa tamu. Baada ya chakula mama mkwe akaletwa mbele, akakalishwa karibu na televisheni, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena. Binti yake akashika rimoti. Akatafuta. Akapanda juu, akashuka chini. Majalada yanapita, mia sita, mazuri kweli, yanang'aa. Hakuna kijivu hata kimoja.

"Baba Tumsifu, ile ya namba iko wapi?"

"Ya namba gani?"

"Arobaini na saba. Ya baba."

Mmewahi kuona mtu aliyevaa suti akatoka jasho mpaka kwenye tai? Bwana alisimama pale. Vijana wa kompyuta najua mnawaza, si kuna nakala? Hakuna. Flashi iliyoleta kipande kile ilishatumika kubebea filamu za kibandani, na mpiga video alishaibiwa vifaa vyake vyote. Ilikuwa moja tu.

Ikabidi aseme. "Mama, naomba unisamehe. Nimeifuta leo asubuhi."

Mkewe akaketi chini, akafunika uso kwa mikono.

Mama mkwe akauliza taratibu, "Kwa nini, baba?"

"Mashine ilikuwa haiitambui, mama. Iliandika haijulikani."

Yule mama akamtazama mkwewe. Hakupaza sauti.

"Mashine haimjui mume wangu. Sawa, imjulie wapi? Na wewe, baba, uliyekula mezani kwake, ulikuwa humjui?"

Ningekuwa mimi, ningemjibu nini? Wewe je, ungemjibu nini?

Haya. Sasa nimetoka sebuleni kwa watu, nakuja kwetu, na msianze kutazama saa.

Mnamwona yule bwana mjinga. Lakini sisi tunafanyaje? Mtu akiingia hapa kanisani tunauliza ulimwengu kwanza. Huyu anajulikana? Ana cheo? Ana gari pale nje? Ulimwengu ukisema tunamjua, tunamletea kiti, jina lake linasomwa kwenye matangazo, na tukilikosea tunaomba radhi mara tatu. Ulimwengu ukisema hatumjui, tunamwekea kisanduku cha kijivu. Tunampita. Mungu hakukutuma uulize ulimwengu. Alikutuma umfungue mwenzako dakika moja uone kuna nini ndani, kuna sauti gani humo ambayo ikipotea haina nakala.

Na msidhani nawasema ninyi peke yenu. Nitasema, ingawa mke wangu alinishauri nisiseme.

Jumatano mlinzi wetu wa getini alianguka. Tukambeba, mimi na wazee wa kanisa watano, tukamkimbiza hospitali. Tulikwenda kwa upendo, nawaambia, mzee mmoja alipoteza kiatu njiani. Tumefika mapokezi, nesi akashika kalamu akauliza, "Jina la mgonjwa?"

Nikawatazama wazee. Wazee wakanitazama mimi. Mmoja akasema, "Babu." Nesi akauliza, "Babu nani?" Mwingine akasema, "Babu wa geti." Miaka tisa ananifungulia geti, ananiambia shikamoo mchungaji wakati mimi ndiye wa kumwamkia, na sisi watu sita tuliompenda mpaka tukapoteza viatu, hatukuwa na jina la kumpa nesi. Dada yule akatutazama, akainama akaandika, "Hajulikani". Nililisoma kichwa chini miguu juu, pale kaunta, na kola yangu shingoni. Niliona haya mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

Mungu ni mwema, ilikuwa sukari imeshuka. Ameruhusiwa, na asubuhi hii yuko getini, mmempita mkiingia. Juzi nilikwenda nikakaa naye kwenye lile benchi lake, nikamwomba radhi, nikamuuliza jina. Akaniambia. Akaniambia na la mama yake, na kijiji, na kazi aliyokuwa anaifanya kabla ya kushika rungu. Nilikaa saa mbili, nikachelewa kikao, na sijutii.

Jina lake sitawatajia. Kwaya wakimaliza mtatoka kwa geti lile lile, mmkute mwenyewe, mumwamkie, mumuulize. Ila msimwendee wote kwa pamoja, mtamtisha mzee wa watu.