Furu na Matanga ya Siku Tatu

Hadithi inabisha hodi.
— Ipite, ivue viatu.
Haina miguu, ina mapezi.
— Basi iogelee.

Asubuhi ile Nyanjura aliwatema watoto wake wacheze, pu! pu! pu!, akamwambia mumewe awaangalie, naye akaenda kuguguna ukoga kwenye jiwe la pili. Wavu ukapita, fwaa. Nyanjura hakurudi.

Mumewe aliitwa Furu, samaki mdogo wa ziwani, mwenye rangi nyingi na kazi chache. Katika ukoo wao mama ndiye alezaye: mayai huyatunza kinywani, na watoto wakiona hatari hukimbilia humo humo. Kazi ya baba ni kupendeza. Sasa Furu akapanua kinywa, watoto wakaingia, chubwi, chubwi. Akapiga chafya, wakatoka wote. Akaanza upya.

Habari zikamfikia Sangara, samaki mkubwa mla wadogo, ambaye hakuwahi kukosa msiba wenye watoto wadogo. Furu alimwona kwa mbali. Akamwita jirani yake, dagaa aitwaye Masatu, akamfundisha la kusema, kisha akajaza kinywa na kukifunga.

Sangara akafika, akatoa pole kwa sauti nzito, akauliza watoto wako wapi.

"Mmm," akasema Furu.

Akauliza kama wamekula. "Mmm." Akauliza kama marehemu aliacha wosia. "Mmm."

"Bwana Furu, mtu unapewa pole, hata kusema umeshapoa huwezi?"

"Mfiwa hasemi, mzee wangu," akajibu Masatu. "Msemaji wa familia ni mimi. Na huku kwetu ajaye kuhani hukaa matanga siku tatu. Hafungui kinywa, hali kitu. Ila kama ulikuja kwa jambo jingine, sema."

Dagaa hawajawahi kukaa matanga. Kwa wanavyokufa, wangekaa lini? Lakini ziwa zima lilikuwa linatazama. Sangara akakaa.

Siku ya kwanza tumbo lake likanguruma, nguru. Siku ya pili, nguru nguru. Siku ya tatu, nguru nguru nguru, kambare wakadhani mvua inakuja. Furu naye hakuwa amekula, ila hakuna aliyemsikia.

Jioni matanga yakaanuliwa. Sangara akaondoka akiyumba, akijikokota kwenda maji ya mbali, na hakuaga.

Asubuhi iliyofuata Furu aliwatema watoto, pu! pu! pu! Walikuwa wamekua, wanajua kukimbia wenyewe. Mmoja tu akagoma kutoka. Furu hakumlazimisha. Alikaa hapo, kinywa wazi, akimngoja.

Funzo lake, jamani, ni kwamba si adabu kuzungumza kinywa kikiwa kimejaa. Na ukienda msibani, kula kwanza.

Maji yangu yamekauka hapa. Mwenye kiu achimbe kisima chake.