Shukrani Tatu za Kisimani

Tegeni masikio, ngano inaingia! Mji wa Kitongoni uligawanyika pande mbili, zimwi likakikalia kisima chao cha pekee.

"Siondoki," likanguruma, "mpaka mmoja wenu awashukuru kwa kweli mahasimu watatu."

Mwanasiti, ambaye mtoto wake alikuwa hoi kwa kiu, akajitokeza. Akamshukuru Fumo wa upande wa pili, aliyemwezekea paa. Zimwi likanywea likawa kama ng'ombe. Akamshukuru mkunga Somoe aliyemzalisha. Likawa kama mbuzi. Wa tatu akamwona Chausiku, aliyemtukana jana tu. Akataka kugeuka, akamtazama mwanawe.

"Chausiku," akasema hatimaye, "nakushukuru; ndiwe uliyemwosha marehemu mama yangu."

"Na sahani yangu ya matanga hujanirudishia, shoga!" Chausiku akajibu huku akilia.

Zimwi likawa kama chura, likatoweka. Chausiku akashika kamba, akamchotea mtoto maji ya kwanza.

Moyo kama wa Mwanasiti, wasikilizaji wangu, ndio uliotufikisha mwisho wa ngano.