Mama Kwaa na Rojo la Matofaa

Chungu kipo?

Kipo!

Moto upo?

Upo!

Na masikio?

Yapo!

Basi sogeeni, ila asinishikie mwiko mtu. Nikikosea nitajirekebisha mwenyewe.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakipika na majirani wakiazimana moto, kulikuwa na mlima wenye baridi kali. Ndizi zilikataa kuota huko. Minazi haikujaribu hata. Lakini matofaa yalistawi, mekundu kwa ya kijani, mpaka matawi yakagusa chini.

Kwenye mlima huo aliishi Fisi jike, mzee, mkubwa wa ukoo wake. Jina lake la utotoni lilisahaulika. Wote walimwita Mama Kwaa, kwa sababu akiuma mfupa, hata uwe wa nyati, mfupa ulilia kwaa! na ng'ambo ya bonde wakasikia.

Wakubwa wa mlima walikuwa na desturi yao. Kila msimu wa mavuno walikula pamoja, na nyama ikiisha kila mmoja alipewa mfupa auvunje. Kwaa! Unabaki mkekani. Usipovunja, unainuka, anakaa mwingine. Nani aliianzisha desturi hiyo? Bila shaka ni mmoja aliyekuwa na meno.

Sasa, Mama Kwaa akazeeka. Likatoka jino moja, likafuata la pili, mwisho akabaki na fizi tupu kama mtoto wa juzi. Alimwambia nani? Hakumwambia mtu. Alitafuta vijiti vikavu, akavificha chini ya mkeka wake. Karamuni alitia mfupa mdomoni, akafumba macho kama anayesikia utamu, akakanyaga kijiti. Kwaa!

"Bado yumo huyu bibi!" wenzake wakasema.

Naye akautema mfupa nyuma ya mkeka, akaenda kulala na njaa.

Mnacheka? Tumbo halishibi kwa kijiti. Mama Kwaa alikonda, ngozi ikamning'inia kama shuka la kuazima. Alijua kabisa kwamba baridi ikimkuta hivyo, hatoki salama.

Jirani yake alikuwa Nungunungu. Huyu aliokota matofaa yaliyoanguka, akampikia mama mkwe wake rojo. Harufu ikapanda mteremko, ikaingia pangoni kwa Mama Kwaa bila hodi. Kitu laini. Kitu kitamu. Kitu kisichotaka jino hata moja! Alichotakiwa kusema ni hiki tu: Jirani, nina njaa.

Akaenda. "Hodi!"

"Karibu, Mama Kwaa. Za huko?"

"Nzuri. Nina mgeni, jirani. Shemeji yangu wa bondeni. Amesikia sifa za rojo lako."

Nungunungu akafikiri: mgeni wa Fisi ni Fisi. Fisi na chakula laini, wapi na wapi? Nisimwaibishe jirani yangu. Na kama mjuavyo, nungunungu huokota mifupa akaiweka shimoni kwake aitafunetafune. Akaivunjavunja, akaichanganya kwenye rojo. "Mpelekee. Nimemtilia mifupa, asije akasema tumempa chakula cha watoto."

Mama Kwaa alifika pangoni, akajaza mdomo. Mifupa ikamchoma fizi. Akalia kwa sauti ndogo, maana hata kulia aliogopa kusikika.

Kesho yake akarudi. "Hodi!"

"Karibu. Shemeji amekula?"

"Amekula, amelamba na kibakuli. Leo nina shida nyingine. Ukuta wangu una nyufa, upepo unaingia. Nasikia rojo lako linanata vizuri."

"Ukuta?" Nungunungu akashangaa. Lakini jirani ni jirani. Akachota rojo, akalichanganya na udongo na majivu, akalikanda mpaka likawa zito. "Hili halibanduki."

Na kweli halikubanduka. Lilimganda Mama Kwaa kwenye kaakaa, akashinda kutwa nzima hawezi hata kusema asante.

Siku ya tatu alikuja akiyumba. "Hodi."

"Karibu. Ukuta umeshika?"

"Umeshika sana. Sasa ni mguu, jirani. Nina kidonda. Nataka rojo la kupaka."

Nungunungu akautazama mguu. Akautazama na mdomo. "Kidonda kiko mguuni," akasema, "lakini mate yanatoka mdomoni."

"Ni maumivu."

"Haya. Kama ni dawa, iwe dawa." Akatwanga shubiri, akaitia humo, nyingi.

Mama Kwaa alilamba mara moja tu. Uchungu ule ulimtoa machozi, na machozi yalipoanza hayakukatika, kwa sababu hayakuwa ya shubiri peke yake. Akalala chini. Miguu ikakataa kuinuka. Akawaza: nikifa hapa watanizika kwa sifa, watasema meno yake yalikuwa imara mpaka mwisho. Sifa hizo atazila nani?

Akainuka. Alitambaa zaidi kuliko alivyotembea. Mlangoni kwa Nungunungu hakupiga hodi. Alifungua mdomo wote, akauacha wazi.

Nungunungu akachungulia. Fizi tupu.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu zamani. Nina njaa, jirani. Umeniua mara tatu."

"Mimi? Mimi nilipika ulichoagiza! Mgeni nimempikia, ukuta nimeupikia, kidonda nimekipikia. Wewe hukuwahi kuja."

Akamvutia kigoda. Akachukua matofaa, akayamenya, akatoa kokwa, akayakatakata. Mama Kwaa akatazama mabaka ya matofaa. "Hayo si yameoza?"

"Yameanguka tu. Kilichoanguka na kilichooza ni vitu viwili. Shika mwiko."

Maji kidogo, ya kufunika sehemu ya chini ya chungu tu. Tofaa chachu na tofaa tamu humo humo. Moto mdogo.

"Tuuongeze moto," Mama Kwaa akasema.

"Ukiuongeza, chini litaungua na juu litabaki gumu, halafu wewe utasema limeiva. Nakujua. Koroga."

Akakoroga. Vipande vikalegea, vikavunjika vyenyewe bila kuumwa na mtu. Akala kibakuli cha kwanza kwa pupa. Cha pili akalia. Cha tatu akalala palepale kwenye kigoda.

Mavuno yakafika, na karamu. Mama Kwaa alikwenda amejaa mashavu, amebeba kibakuli chake cha rojo. Nyama ikaisha, mifupa ikagawiwa. Akausukuma wake kando.

Simba, mkubwa wa wakubwa, akanguruma. "Mama Kwaa! Meno yako yako wapi?"

"Yalishaondoka, mkubwa. Nimebaki mimi."

Chui akatazama kucha zake. Simba akajigeuza mahali pake, akitafuta la kusema, na alipojigeuza, chini ya mkeka wake kukasikika: kwaa!

Mfupa wake ulikuwa bado kwenye sahani. Haujaguswa.

Hakuna aliyecheka. Chui naye akasogea kidogo. Kwaa! Akajikunyata.

Simba akakohoa. Akainamisha kichwa chenye manyoya yote yale, akanong'ona: "Jirani... hilo rojo, limebaki?"

Hakuna aliyeinuliwa mkekani siku hiyo. Wangeinuka wangapi?

Basi, wenzangu, fundisho ni hili: ukiombea mgeni, utapewa cha mgeni, ukiombea ukuta, utapewa cha ukuta. Ukiwa na njaa, jiombee mwenyewe. Na usimwogope sana anayevunja mfupa kwa kishindo. Tazama kwanza miguu yake.

Chungu nimekiepua. Aliyeshiba akalale, mwenye njaa aseme.