Moshi wa Nyumba ya Naufal

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa milimani, ambako theluji hushuka kimya kama usingizi na kukaa miezi mitatu, aliishi mwanamke mchamungu aitwaye Lubaba, Mwenyezi Mungu amrehemu, pamoja na mama yake mkongwe, Bi Atika.

Watu wa mji ule walikuwa na ada yao. Siku za baridi kali, baada ya sala ya adhuhuri, msimamizi wa kuni za wakfu alipanda juu ya paa la msikiti akazitazama dohani. Nyumba iliyotoa moshi ilidhaniwa kuwa na heri. Isiyotoa moshi ilipelekewa mzigo wa kuni bila kuulizwa neno, kwani waliona haya kumlazimisha mhitaji aitaje shida yake.

Dohani ya Lubaba haikutoa moshi. Alikuwa amefunga vyumba viwili akabaki na kimoja, akaziba nyufa za mlango kwa matambara, akaacha upenyo wa dirisha kwa ajili ya hewa. Kila asubuhi aliwasha makaa machache nje, na yakishaiva aliyafukia kwa majivu ndani ya chungu. Chungu alikiweka chini ya meza fupi, na juu ya meza alitandaza mfarishi mpana uliofika sakafuni. Humo yeye na mama yake waliingiza miguu, wakamtaja Mola wao kutwa, na joto likawapanda polepole, kama ndoto impandavyo mtu asiyejua kwamba amelala. Makaa yalikuwa nusu gunia. Yangewafikisha mwisho wa baridi, ikiwa baridi haitazidi.

Nayo ikazidi. Vidole vya Bi Atika viligeuka rangi ya kijivu. Siku hiyo msimamizi, Shekhe Hatim, akaja mlangoni na punda wake.

"Hodi! Bi Lubaba, huu ndio mzigo wa mwisho. Ghalani wamebaki panya tu, nao wanatetemeka."

"Upokee, mwanangu!" Bi Atika aliita kutoka ndani. "Vidole vyangu havinijui tena."

Lubaba akaishika kamba ya mzigo. Moyoni aliiona miali ikicheza ukutani, aliuona uso wa mama yake ukirudiwa na rangi. Akavuta pumzi, na hewa ikamletea moshi wa jirani yake Naufal, mfumaji. Haukuwa moshi wa kuni. Ulinuka mafuta ya sufu, harufu ya mbao zilizoguswa na mikono ya mfumaji miaka na miaka.

"Shekhe," alisema, "mimi nina makaa. Huoni moshi kwa sababu nayafukia. Mpelekee Naufal."

Hatim akacheka. "Naufal? Dohani yake inafuka tangu alfajiri kama ya nyumba ya harusi!"

"Ndiyo. Anachoma mtambo wake wa kufumia."

Hatim akageuka kuutazama moshi ule. Bi Atika akaita tena kutoka ndani.

"Ukinizika wiki hii, Lubaba, usinililie."

"Nitakulilia, mama. Lakini sadaka ya mwenye dhiki siwezi kukupasha nayo joto."

Akaiachia kamba.

Hatim alimkuta Naufal ameketi na shoka, mbele yake boriti moja tu ya mtambo. Mkewe Raihana, aliyejifungua siku tisa zilizopita, alikuwa amemficha mtoto kifuani. "Niliona haya, Shekhe," Naufal alisema, "watu wasije wakaiona dohani imezimika."

Kilio cha mtoto kilipenya ukutani. Bi Atika akasikiliza kwa muda mrefu.

"Waite," alisema hatimaye, kwa sauti nyingine. "Mzigo mmoja nyumba ile itaumaliza kwa siku tatu. Mfarishi ni mpana. Na huyo mtoto nipeni mimi. Mtoto mchanga ni jiko tosha."

Wakahamia, kuni zao na makaa ya Lubaba yakawa moto mmoja. Mtoto alilazwa kwenye kifua cha bibi kizee, na vile vidole vya kijivu, vikiwa juu ya mgongo mdogo uliopanda na kushuka, vikapata damu. Theluji ilipoyeyuka, wote walikuwa hai.

Enyi wapendwa, tazameni: Lubaba hakuombwa aseme uongo. Kukaa kimya kungetosha. Mola atupe ulimi usemao kweli hata pale ambapo hakuna aliyetuuliza.