Unyayo wa Bi Sange

Paukwa!
Pakawa!
Nanyi mlioketi huko nyuma, mnanisikia?
Tunakusikia, bibi, lete!

Basi bwawa lilikuwa moja, na wanyama wote walikunywa hapo. Kiangazi kilipokaza, wakaitana waandike katiba ya maji. Kiboko akawahi kusema, maana mdomo anao.

“Mwenye kura ni yule ambaye unyayo wake unashika maji. Basi!”

Kiwanja cha mkutano kilikuwa kikavu kama kigae. Kiboko akakanyaga: ndi! Shimo. Wakamwagia maji, yakatuama. Bi Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, akakanyaga: ti. Hakuna kitu. Akaruka: ti, ti, ti! Hakuna kitu. Digidigi naye, hakuna kitu.

“Huna kura, kijipua wewe!” Kiboko akacheka. “Mtakunywa tukishiba sisi.”

Sange akawatazama wanawe, ndimi zimewakauka. Naye Kiboko alimjua vizuri: hashibi huyo.

“Tugome!” Digidigi akanong’ona.

“Tukigoma, watakaokufa kiu ni sisi,” Sange akamjibu. Kisha akapaza sauti: “Bwana mkubwa, sheria yako nzuri, isiguswe hata neno. Ila jua lote hili, na ngozi yako hiyo, utapanda huku kiwanjani kila siku ya kura? Si afadhali kila mtu akanyage pale pale anaponywea?”

Kiboko, mvivu wa kutoka majini, akafurahi. “Hapo umenena! Iandikwe!”

Mzee Kobe, mwenye kikao, akaandika.

Siku ya kura ikafika: nani anywe kwanza? Wadogo wakashuka kwenye tope laini la ukingoni. Sange akakanyaga: ti. Kiunyayo kikajaa maji.

“Kinashika! Kura!” akasema Kobe.

Digidigi akakanyaga: ti. Kura! Kiboko, katikati ya bwawa, akakanyaga: chubwi! Maji yakajifunika. Akarudia: chubwi, chubwi!

“Unyayo wako uko wapi, bwana?” Kobe akauliza.

“Uko huku chini!”

“Hatuuoni.”

Wadogo wakashangilia. “Atakunywa tukishiba sisi!”

“Jamani, hata mimi nina koo!” Kiboko akalia. “Kila mwenye koo apige kura!”

Ah, Sange yule! Wala hakucheka. Akasema kwa adabu, “Hebu rudia, bwana mkubwa, polepole, Mzee Kobe aandike.”

Basi wajukuu zangu, funzo ndilo hilo: mdogo usimbishie mkubwa. Sange alibisha? Hakubisha. Alikubali kila neno.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye kiu akanywe, wadogo kwanza.