Mkono Shingoni mwa Bata

Wapendwa, Ufaransa ni mbali, lakini mama ninayetaka kuwaeleza mtamtambua mara moja.

Alikuwa mjane mwenye shamba dogo, na kazi yake ilikuwa kunenepesha bata bukini. Kule, bata hao hulishwa mahindi ya kuchemsha kwa faneli ndefu inayoingizwa kooni, mpaka ini livimbe na kuwa laini kama siagi. Ini hilo ndilo fahari ya meza zao wakati wa Krismasi. Kazi alifundishwa na mama yake: keti kwenye kigoda, mbane bata kati ya magoti, na kabla ya kumimina hata punje moja, mpapase shingo. Ukikuta mahindi ya jana bado yamo, mwache. Ukimwongezea, utamuua.

Alikuwa na binti mmoja tu, aliyeolewa mjini. Mwaka mzima mama alimngoja. Kila alipofunga maini kwenye chupa, alichagua lililo bora akaliweka kando: hili la mwanangu. Akisikia gari barabarani, mikono ilisimama yenyewe.

Safari hii binti alikuja kabla ya sikukuu, peke yake, bila mume. Mama hakuuliza. Alikata mkate, akapaka ini.

"Mama, kuna jambo nataka..."

"Kula kwanza. Umekonda kama ufagio! Huko mjini hawapiki?"

"Wanapika, mama, lakini..."

"Basi ongeza. Maneno yatangoja, supu inapoa."

Ikawa hivyo siku zote alizokaa. Kila binti alipofungua mdomo, kijiko kiliwahi.

Asubuhi ya kuondoka, binti alimfuata mama bandani. Akamwona akimshika bata mmoja, akimpapasa shingo, kisha akimwachia aende zake.

"Mbona huyu humlishi?"

"Bado amejaa."

"Umejuaje, na hajasema kitu?"

"Si nimemgusa? Umekulia kwenye banda hili, leo unaniuliza!"

Binti akamsogelea. "Na mimi, mama? Mimi umenigusa lini?"

Mama akacheka. "Wewe si bata."

"Kweli, si bata," akasema binti. "Bata ungemngoja."

Akachukua begi lake, akaenda kituoni. Boksi la chupa alilofungiwa kwa kamba lilibaki mezani.

Mama akabaki kwenye kigoda, faneli mkononi, bata wenye njaa wakimpigia kelele. Mwaka mzima alitamani kumwona mwanawe. Mwana amekuja, wameketi meza moja, na bado amemkosa akiwa mbele ya macho yake. Mume yuko wapi? Hajui. Kwa nini mtoto amekonda? Hajui hilo pia. Mkono uliojua kila shingo bandani haukujua lolote la mtoto aliyemzaa.

Tusimcheke. Nani kati yetu hajampigia mtoto simu shuleni, akauliza, "Umekula?" akajibiwa, "Ndiyo," akakata simu akiona amemaliza wajibu? Tunamimina tu. Chakula, ada, mawaidha, hata maombi, tunamimina. Mtu ametujia na jambo limemkwama kooni tangu jana, nasi tunazidi kusukuma juu yake. Wala si kwa ubaya. Yule mama alitoa ini lililo bora kuliko yote. Lakini mwenye koo lililojaa, hata kizuri kinamsonga.

Simkatazi mtu kupika. Watoto lazima wale. Ila leo ukifika nyumbani, yupo mtu mezani kwako unayemkosa huku unamtazama. Kabla hujapakua, weka mwiko chini. Mguse. Muulize. Kisha funga mdomo wewe, yeye afungue wake.