Kilima cha Isunta na Sheria ya Nyuki

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura kumlaghai fisi, ni zamani ya juzi tu, magari yalikuwa yamekwisha kuzoeleka mjini lakini Isunta yalikuwa hayajafika. Kutoka Isunta hadi hospitali ni mwendo wa alfajiri mpaka jua kuzama, na mgonjwa hubebwa kwa machela. Kalunde alibebwa hivyo kwa mimba yake ya kwanza. Mtoto alizaliwa njiani, akafa njiani, akazikwa njiani. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na hofu yake alikuwa akiimeza peke yake.

Nyuma ya kijiji pana kilima chenye kichwa chekundu, mawe yake yana rangi ya kutu. Wataalamu walikuja, wakagonga, wakapima, wakaondoka mikono mitupu. Wakaja wengine, wakagonga, wakapima, wakaondoka. Mwisho akaja mjiolojia mmoja, dada wa Kinyakyusa aitwaye Tulinagwe, pamoja na mashine ya kuchoronga mwamba, yaani kuutoboa kwenda chini, na fundi wake, Luhende. Naye aligonga, akapima, na kampuni ikaanza kumwambia kwa redio kwamba mashine inatakiwa kwingine.

Kalunde alikuwa akiwapikia kambini. Mnamjua mja mzito na udongo. Siku moja akamega kipande cha kichuguu kilichokuwa chini ya kilima, akatia mdomoni, akatema papo hapo.

"Vipi, mama?" akauliza Tulinagwe.

"Udongo gani huu, dada? Kama nimelamba bati lililonyeshewa."

Luhende akacheka mpaka akashika mbavu. Tulinagwe hakucheka. Bati hupakwa zinki lisiote kutu, na zinki ndiyo iliyomleta Isunta. Akamega naye, akaonja, akatema. Kisha akakizunguka kile kichuguu taratibu, kama mtu aliyepotelewa na sindano.

"Kilima mvua imekiosha," akasema. "Zinki ya juu yote imekwenda na maji, ndiyo maana kila anayegonga hapati kitu. Lakini mchwa hawachoti juu tu. Wanashuka chini kabisa kufuata maji, wanapanda na udongo wa huko. Jiwe letu haliko kilimani. Limelala hapa, chini ya miguu yetu."

Mashine ikahamishwa. Luhende akachoronga, mwamba mtupu. Akachoronga, mwamba mtupu. Akachoronga, mwamba mtupu. Redio ikasema, "Zimeni leo." Tulinagwe akakata tamaa, akaenda kukunja hema lake. Luhende alikuwa ameweka kiganja juu ya mashine, akahisi mtetemo umebadilika.

"Wakinifukuza, wanifukuze," akasema, akaunga bomba jingine, akashuka nalo.

Ukatoka mche wa mwamba, mviringo, umenyooka kama mche wa sabuni. Luhende akaumwagia maji. Watu wote wakasogea. Mwamba ulikuwa mweusi, na ndani ya weusi ule ilipita mistari ya rangi ya asali, myembamba, mingi isiyohesabika, mmoja juu ya mwingine, ikimetameta juani.

"Hii ni nini, dada?" Kalunde akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hili lilikuwa tope la chini ya bahari. Maji ya moto yalibubujika kutoka tumboni mwa dunia, yakaacha zinki, tope likafunika. Yakaacha tena, likafunika tena. Kila mstari ni tandiko moja."

"Bahari? Hapa kwetu, ambako hata mto hukauka kiangazi?"

"Hapa hapa. Kabla ya mti, kabla ya ndege, kabla ya mtu wa kupaita hapa."

Kalunde alikuwa hajapata kuiona bahari maishani mwake. Akagusa mstari mmoja kwa ncha ya kidole, na nywele zikamsimama. Akavua kandambili zake, wala hakujua kwa nini, akasimama peku juu ya ile ardhi aliyoikanyaga tangu kuzaliwa, akaiogopa na kuipenda kwa pamoja.

Basi kampuni ikatoa neno: kijiji kikiridhia, jiwe litachimbwa, na greda litachonga barabara hadi Isunta kabla ya mvua. Kisiporidhia, wanaondoka na hawarudi. Kijiji kikagawanyika nusu kwa nusu, hawa wakitaka barabara, hawa wakihofia chemchemi yao, ndugu hawasalimiani. Mwenyekiti wao, Bi Milembe, akaita watu wote kambini.

"Sisi ni warina asali," akasema. "Sheria tunayo tangu babu zetu. Nyuki wakiwa mtini, aliyewaona ndiye asemaye mti ukatwe au uachwe, na wengine wote hufunga midomo. Basi aliyeliona jiwe hili aseme."

"Ni mchwa," akadakia mzee mmoja mtani, na watu wakaangua kicheko.

"Waite waje waseme," akajibu Bi Milembe, na kicheko kikakatika.

Luhende akasimama. "Nimeliona mimi. Hawa walionja udongo, na kuonja si kuona. Dada alikuwa anakunja hema. Nisingeshuka, lingekuwa bado gizani. Nami nasema liachwe. Kwetu walichimba. Barabara ilikuja, kweli. Visima vikakauka, na barabara ile ile ndiyo tuliyopita tukihama."

Tulinagwe akasimama. "Nimeliona mimi, kwa akili, kabla ya jicho la mtu yeyote. Mama alitema, fundi akacheka. Nisingeelewa, kichuguu kingebaki kichuguu. Nami nasema lingojwe. Nitabaki hapa hata bila kampuni. Nipeni masika mawili nijue chemchemi yenu inapita wapi. Jiwe hili limengoja tangu enzi za bahari, halitaoza."

Kalunde akasimama, mkono kiunoni. "Wataalamu walipita hapa na vyombo vyao. Ni ulimi wangu uliosema. Dada alielewa nini, kama si nilichokitema? Fundi alishuka wapi, kama si nilipotemea? Nami nasema lichimbwe. Chemchemi naipenda, nayanywa maji yale. Na fundi namsadiki. Lakini jiwe linaweza kungoja, hili tumbo haliwezi. Kaburi moja njiani linanitosha."

Bi Milembe akafungua mdomo, akaufumba. Akawageukia watu wake, nao wakatazama chini.

Nami nimefika ulipofika mdomo wa Bi Milembe, kwa hiyo sasa semeni ninyi. Yuko aliyewaonja nyuki bila kujua kuwa ni nyuki. Yuko aliyejua walipo asiwafikie. Na yuko aliyewafikia kwa kuelekezwa. Je, kwa sheria ya warina asali, ni nani mwenye haki ya kusema? Na mkisha kumtaja, nani kati yenu atasimama mbele ya wale wawili waliobaki awaambie wafunge midomo?